Gunia, meka na kadi ya benki: deni la nyumbani linavyohesabiwa Lubumbashi

Mwisho wa mwezi, mishahara ya serikali ikishaingia, mbele ya mashine za kutolea pesa katikati ya Lubumbashi kuna mtu ambaye zamu yake haiishi. Anaingiza kadi, anabonyeza namba ya siri, anahesabu noti, anaandika kwenye daftari, anaingiza kadi nyingine. Mkononi ana kadi kumi au kumi na tano zilizofungwa kwa mpira, na hakuna hata moja yenye jina lake. Wenye kadi wamesimama kando kivulini. Wanangoja achukue kilicho chake, kisha awakabidhi kilichobaki. Kwa miezi saba, kadi moja katika furushi kama hilo ilikuwa yangu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Ninaishi Katuba, hapahapa Lubumbashi, na mume wangu, ambaye anaendesha teksi-basi, pamoja na watoto wetu watano. Miezi ile saba nilijua kwamba tunadaiwa, lakini sikujua kila deni linatugharimu kiasi gani. Nimegundua kwamba familia nyingi ziko hivyo: zinajua jumla ya madeni, hazijui bei ya deni moja moja. Bila kujua bei hiyo, methali ya dawa ya deni ni kulipa haikusaidii, kwa maana huna pesa ya kulipa yote kwa pamoja na hujui uanze na lipi.

Nianze na la kadi. Kongo nzima mkopeshaji wa mtaani tunamwita banki Lambert, kwa jina la benki ya zamani ya Ubelgiji ambayo haihusiani naye kwa lolote. Ni mtu binafsi mwenye pesa zake, hakuulizi kazi ya mkopo, na dakika ishirini zinatosha kuondoka na noti. Zamani alishika televisheni, friji au karatasi za kiwanja. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2011 kulipa watumishi wake kupitia benki, dhamana iliyo rahisi kuliko zote ni kadi ya mshahara na namba yake ya siri. Riba yake ni asilimia 30 kwa mwezi, wengine wanafika 50.

Maneno yaliyojificha ni hayo mawili, "kwa mwezi". Nilikopa dola 200 mtoto wetu wa tatu alipolazwa. Asilimia 30 ya 200 ni dola 60. Nilidhani nitarudisha 260 basi, yameisha. Lakini mwezi ulipofika sikuwa na 260, nilikuwa na 60. Mkopeshaji akazipokea kwa upole. "Mama, usijali, mtaji tutaongea mwezi ujao." Upole huo ndio biashara yake. Ukilipa riba peke yake, mtaji haupungui hata franka moja. Miezi saba nikalipa 60 mara saba, yaani dola 420, na bado nilidaiwa 200 zilezile. Anayekopesha hivyo hana haraka ya kurudishiwa mtaji, kwa sababu siku utakapourudisha mshahara wake kutoka kwako unakatika.

Deni la pili lilitoka kwenye taasisi ya mikopo midogo: dola 600 kwa miezi kumi na miwili, asilimia 3 kwa mwezi. Tatu mbele ya thelathini inaonekana kama zawadi, na kwa kweli ni nafuu kubwa. Ila iko hesabu ambayo kila mkopaji anapaswa kuidai kabla ya kutia sahihi. Riba inahesabiwa juu ya nini? Kwenye mkataba wetu ilihesabiwa juu ya zile 600 za mwanzo, tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Riba ya mwezi ni dola 18, mtaji 50, unalipa 68, na mwisho wa mwaka umelipa riba ya dola 216. Sasa tazama mwezi wa kumi na mbili. Umebakiza dola 50 tu za mtaji, lakini bado unatozwa riba kana kwamba unadaiwa 600. Kama ile asilimia 3 ingehesabiwa juu ya salio, yaani kile tu ambacho hujarudisha, malipo ya mwezi yangekuwa kama dola 60 na riba ya mwaka mzima karibu dola 123. Asilimia ni ileile kwenye karatasi, tofauti ni dola 93, na hiyo kwetu ni ada ya shule ya mtoto. Ukitaka kulinganisha haki kwa haki, asilimia 3 juu ya mkopo wote ni sawa na karibu asilimia 5 juu ya salio.

Kuna na akiba ya lazima. Ukikopa 600, taasisi inaweza kuzuia asilimia 20 kama dhamana. Unapewa 480 mkononi, riba unalipa ya 600. Ongeza gharama ya kufungua faili. Kwa hiyo swali la kumuuliza afisa wa mikopo ni moja, na liulizwe ukiwa na kalamu: "Leo natoka hapa na dola ngapi mkononi, na hadi siku ya mwisho nitakuwa nimeleta ngapi?" Akikujibu kwa asilimia, mwombe kwa heshima akujibu kwa dola.

Deni la tatu ni lile ambalo wengi hawaliiti deni: duka la jirani. Huko hakuna riba iliyoandikwa, kuna bei mbili. Bei za sokoni hazitulii, kwa hiyo chukua hizi kama mfano, kisha uweke za kwenu. Tuseme gunia la bunga, yaani unga wa mahindi, la kilo 25 ni franka 40,000 kwa pesa taslimu, na franka 46,000 kwa kulipa mwisho wa mwezi. Hizo 6,000 ni riba ya asilimia 15. Ni nusu ya banki Lambert, na ni mara nyingi zaidi ya taasisi tuliyokuwa tunailalamikia kila siku.

Ila tulichokuja kukiona baadaye ndicho kilichonifanya niandike. Tulipokatazwa kukopa dukani tukaanza kununua bunga kwa meka, lile bakuli la plastiki la sokoni lenye takriban kilo mbili na nusu. Tukajisifu kwamba sasa hatukopi. Sisi ni watu saba, bukari, yaani ugali, ya siku inakula meka moja. Gunia lina meka kumi, maana yake linatutosha siku kumi. Meka moja tuseme ni franka 4,600, kumi ni 46,000. Kila siku kumi tunaacha 6,000 kwa mama wa sokoni, kwa mwezi 18,000. Na kwa nini tunaziacha? Kwa sababu siku ya kwanza hatuna 40,000 kwa pamoja. Kukosa 40,000 kunatugharimu 18,000 kila mwezi: ni asilimia 45. Mama wa meka hana kosa, naye amenunua gunia, amelibeba, amekaa juani, lazima apate chakula chake. Lakini nyumba inayonunua kwa meka inalipa riba kubwa kuliko ya yule mwenye furushi la kadi, na inalipa bila kusaini popote.

Wazee wa mji huu wanaelewa jambo hili kwa njia nyingine. Wakati wa kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye Gécamines baada ya kutaifishwa mwaka 1967, mfanyakazi alipokea bunga kwa gunia kama sehemu ya malipo yake, na shule na hospitali zilikuwa za kampuni. Familia za kambi hazikulazimika kupanga chakula cha mwezi, kampuni ilishapanga. Mambo yakaharibika miaka ya 1990, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Gunia lilitoka nyumbani, meka ikaingia. Watu wanaposema kizazi cha sasa hakijui kutunza pesa, mimi nakumbuka hilo. Kazi ambayo zamani ilifanywa na ofisi nzima yenye stoo na malori, leo inafanywa na mama mmoja mwenye franka 5,000 kwenye kona ya kikwembe, kitenge alichojifunga.

Usiku tuliofungua daftari umeme ulirudi saa saba. Wanawake wa Katuba tunajua saa hiyo: unaamka, unaweka maharage jikoni, unapiga pasi sare za shule, kwa sababu kesho mchana huenda ikawa mbabula na makala tena, yaani jiko la mkaa na mkaa wake. Mume wangu alikuwa ameamka na mimi. Nilikuwa sijawahi kumwambia kwamba mtaji wa kwa mkopeshaji bado uko mzima. Yeye hakuwa amenieleza kwamba mdogo wake alimkopesha dola 150 za kutengeneza gari. Tulikaa kwenye meza ya kupigia pasi, pasi imesimama katikati yetu bado ya moto, tukaandika kila kitu: mkopeshaji 200, taasisi awamu tano za 68, yaani 340, shule 80, shemeji 150, dukani franka 92,000. Jumla dola 770 na zile franka. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema tu, "Kumbe tunaweza kuiona." Tukachora safu ya pili pembeni: kila deni linakula ngapi kwa mwezi likikaa bila kulipwa. Hapo orodha ikajipanga upya yenyewe. Shemeji sifuri. Shule sifuri, ingawa mtoto anaweza kufukuzwa darasani. Taasisi 18, na hizo zimeshafungwa ndani ya awamu, kuwahi kulipa hakupunguzi kitu kama mkataba hausemi hivyo. Duka liliuza kwa bei ya juu mara moja, deni lenyewe halikui. Mkopeshaji 60.

Wako wanaoshauri kuanza na deni dogo kuliko yote ili upate moyo wa kuendelea. Nawaelewa, moyo ni kitu cha lazima. Lakini pale ambapo deni moja linakula asilimia 30 kwa mwezi, kila wiki unayotumia kulipa mengine unamlisha huyo. Anza na linalokula zaidi. Wengine waendee mmoja mmoja, uso kwa uso, kabla hawajakufuata. Tulimwendea mkuu wa shule tukaomba kulipa kwa vipande vinne, akakubali. Tulimwendea mwenye duka na franka 10,000 mkononi kuonyesha nia. Kwa shemeji tulikwenda wote wawili. Deni la ndugu halina riba lakini lina macho; linakutazama kwenye kila harusi na kila kilio, na ukinunua kiatu kipya linakiona.

Dola 200 za kumaliza mkopeshaji tulizipata kwenye likelemba, yaani upatu, ya madereva. Wako kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa dola 20, na mmoja anabeba 200 zote. Ukichunguza likelemba, ni mkopo na akiba kwa wakati mmoja: anayebeba wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba, anayebeba wa mwisho amewawekea akiba yake bila riba. Mume wangu alikuwa wa nane. Alimwendea mwenzake ambaye zamu yake ilikuwa inafuata. "Kaka, nina moto nyumbani. Nipe zamu yako, chukua yangu." Yule bwana alifikiri siku mbili, akakubali mbele ya wenzake wote, ikaandikwa. Mtu wa aina hiyo ni mtaji. Ndiyo maana nawasihi watu wasiikimbie likelemba baada ya kubeba; anayekimbia anawaharibia hata wale ambao siku moja watahitaji kubadilishana zamu.

Mwezi huo mtaji wote ulilipwa kwa mara moja. Zile 20 za likelemba tulikuwa tayari tumezizoea, kwa hiyo dola 60 zote za riba zilibaki nyumbani. Kabla ya kulipa deni lingine lolote tulinunua magunia mawili ya bunga kwa taslimu. Baadhi ya majirani walishangaa, mtu mwenye madeni ananunuaje magunia? Lakini rudi kwenye hesabu ya meka. Gunia hilo la kwanza lilitupa franka 18,000 kila mwezi bila kazi ya ziada, na hizo ndizo zilizokwenda kwa mwenye duka. Sharti lake ni moja: bunga ukifika siku ya kumi, 40,000 za gunia jingine ziwe zimeshawekwa, 4,000 kila siku, kama vile unanunua meka ya bei nafuu kutoka kwako mwenyewe. Binti yetu mkubwa ndiye mwenye kopo la hizo 4,000. Hakopeshi mtu, hata mimi.

Makala ni hivyohivyo, gunia dhidi ya vifuko vidogo, lakini gunia lilowe mvua utajuta, na mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili. Kilichotusaidia zaidi ni kuloweka maharage usiku mzima na kumwaga maji yale. Yanaiva mapema na mbabula moja inatosha kwa maharage na bukari.

Majira yana nafasi kubwa kuliko tunavyoipa. Mahindi huvunwa Aprili na Mei, na bei huwa chini kipindi hicho. Kuanzia Desemba hadi Machi inapanda, na ndiyo miezi ambayo sikukuu zimeshakula mfuko. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya bunga wetu huvuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na huku sokoni tuliusikia ukame ule ndani ya sufuria. Kwa hiyo zamu ya likelemba inayoangukia Juni ina thamani kuliko ya Januari: Juni inakununulia magunia ya mahindi ya punje yaliyokauka vizuri, unayaweka juu ya mbao mbali na ukuta, na kila wiki unapeleka kidogo mashineni kusaga.

Kisha dola na franka. Mshahara wangu ni wa franka, nyumba tunalipa kwa dola, kama wapangaji wengi hapa. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwisho wa mwaka huohuo ilipita 2,600. Nyumba ya dola 100 ikapanda kutoka franka 200,000 hadi 260,000, mwenye nyumba hajaongeza kitu. Anayelipwa franka na kudaiwa dola anabeba deni la pili lisilo na mkopeshaji. Kinga niliyoiona ni ndogo lakini ipo: usikope kwa sarafu usiyoipata kazini kama una njia nyingine, na siku ya mshahara badilisha kwanza zile za nyumba na za awamu, kabla ya kupita sokoni. Likelemba ya miezi kumi nayo iwe ya dola, vinginevyo wa mwisho anabeba karatasi zilizonyauka.

Mikopo mingi ya nyumbani haitokani na ajali. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, sekondari bado tunalipa, na Septemba inakuja kila mwaka tarehe ileile. Vilio havina tarehe lakini vina hakika. Wenzetu wa Kivu kwenye MUSO, vikundi vyao vya akiba na kusaidiana, wanatenganisha masanduku: la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la misaada ya dharura, na la jekundu haliguswi kwa biashara. Nyumbani tumeiga. Kopo moja la Septemba, jingine la vilio na magonjwa. Kilio kikitokea tunatoa kilichomo humo. Kikiwa kidogo, tunakwenda kukaa na wafiwa, ninapika, ninaosha vyombo, mume wangu anabeba watu kwa gari hadi makaburini. Mara ya kwanza shangazi mmoja alinuna. Mara ya pili aliuliza kama gari litakuja.

Siku niliporudishiwa kadi yangu nilikwenda benki palepale nikabadilisha namba ya siri. Deni la duka limekwisha, la shule limekwisha, taasisi tumebakiza awamu moja. Kwa shemeji zimebaki dola 40. Hizo zilizobaki tunampelekea kumi kila mwisho wa mwezi, Jumapili baada ya ibada, na anaandika kwenye daftari lake huku nasi tukiandika kwenye letu.